Beji Zenye Uso wa Ndindi

Waringa alikuwa fundi wa shanga katika mtaa wa Bahati. Mlangoni pake alitunga beji za kubandika kifuani: maua, ngao, bendera. Mwaka ule wa themanini na moja alitunga moja ya msichana mwenye uso wa shanga za rangi ya maziwa na nywele za manjano zilizosukwa matuta. Alimtungia binti yake Ndindi, zeruzeru wa miaka kumi na minne, ambaye hakuwahi kuona picha ya mtu anayefanana naye.

Ndindi aliisogeza beji hadi karibu iguse pua. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Jumapili Ndindi akaenda nayo kanisani. Baada ya ibada, Mwalimu Asenath, kiongozi wa kwaya ya wasichana, alimshika Waringa mkono.

"Mama Ndindi, nitengenezee za kwaya nzima. Nimekapenda hako kazungu kako!"

Waringa alistaajabu. Huyu ndiye aliyemkatalia Ndindi kuingia kwaya, akisema macho yake hayataona nota. Sasa anataka sura yake, na hajui ni yake? Au anajua? Waringa alijikuta akiitikia, "Sawa, Mwalimu," na njia nzima hakuelewa kwa nini.

Walitunga pamoja, mama na binti.

"Mama, wanajua ni nani?"

"Sijui."

"Tuwaambie?"

"Sijui, Ndindi. Pitisha uzi."

Siku ya sikukuu ya mavuno, kwaya ilijipanga mbele ya kanisa. Kila kifua kilikuwa na uso wa Ndindi, naye Ndindi mwenyewe alikuwa ameketi benchi la nyuma. Waringa alisikia fahari, kisha aibu, kisha vyote kwa pamoja, asijue ashike kipi.

Ndipo Ndindi akainuka. Alipita katikati ya kanisa, akasimama mwisho wa mstari, beji yake kifuani. Mwalimu Asenath alikuwa ameshainua mkono, na mkono ukabaki hewani. Aliitazama beji, akamtazama Ndindi, akaitazama beji tena. Watu wakaanza kunong'ona. Wasichana wawili wakabandua zao. Aliyesimama kando ya Ndindi akasogea kumpa nafasi, au kumkwepa. Waringa hakuweza kujua.

Mkono ukashuka, wimbo ukaanza. Ndindi aliimba bila karatasi, maana nyimbo zote alikuwa amezishika akisikiliza mazoezi dirishani.

Nje, Mwalimu Asenath alimfuata Waringa. "Kumbe ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaona."

Mwalimu alifuta uso kwa leso. "Mwambie aje mazoezini Alhamisi," akasema mwishowe, akaondoka haraka kama aliyekasirika.

Nyumbani Ndindi aliuliza, "Nilikosea?"

"Hapana. Sijui. Uliimba vizuri."

Alhamisi alikwenda. Waringa alishika uzi na sindano lakini hakutunga kitu hadi Ndindi aliporudi.

"Wamekwambia nini?"

"Nimewekwa sauti ya pili." Ndindi alivua viatu. "Mmoja wa wale waliobandua ameniomba msamaha. Mwingine amesema beji yake imepotea."

"Imepotea kweli?"

Ndindi aliinua mabega. "Ameniuliza kama unaweza kumtengenezea nyingine, ila yenye nywele nyeusi."

Mama na binti walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake acheke kwanza.