Rangi Iliyomeza Milango

Mtaani walimwita Uzi, na jina hilo lilikuwa limempanda kichwani. Alikuwa fundi cherehani. Ukimpelekea suruali iliyochanika gotini, alichakura makopo yake ya nyuzi mpaka apate rangi yenyewe hasa, na akishamaliza kushona ungeigeuza suruali huku na huku usione palipochanika. Sasa mtu wa namna hiyo akihamia nyumba yake mwenyewe, kuta bado ni plasta tupu, atakubali kushauriwa na nani mambo ya rangi?

Mbao zote za nyumba ile zilikuwa kazi ya baba mkwe wake, seremala mstaafu: milango na fremu zake, mbao za kuzunguka madirisha, na ule ukanda wa mbao unaopita chini ya ukuta chumba hadi chumba. Ilikuwa zawadi kwa binti yake. Mzee alizipiga msasa kwa mkono, akazipaka vanishi ya kahawia yenye wekundu kwa mbali, akarudia, na kila ilipokauka alipitisha kiganja juu yake taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Kuta niachie mimi," Uzi alimwambia mkewe. "Rangi ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni nguo," alisema mkewe. "Mimi naona tupake kitu chepesi. Kijani kilichopauka, kwa mfano."

"Mke wangu, kitambaa cha kahawia hakishonwi kwa uzi wa kijani."

Mkewe akarudi kwenye shughuli zake. Alikuwa ameishi na Uzi muda wa kutosha kujua kwamba kuna mambo lazima ayagonge kwa paji lake mwenyewe.

Basi Uzi akachukua kipande cha ubao kilichobaki, akaenda nacho duka la rangi. Mwuzaji, mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliukagua ule ubao.

"Unataka ifanane na hii?"

"Si kufanana tu, mama. Nataka iwe hii hii."

"Ukuta mmoja?"

"Nyumba nzima."

Mama akavaa miwani, akamtazama vizuri, kisha akaenda kwenye mashine ya kuchanganyia. Uzi alimrudisha mara kadhaa: hii imezidi wekundu, hii imepooza. Mchanganyiko wa mwisho aliuchovya kidole, akaupaka kwenye ubao, na doa halikuonekana kabisa. Alitoka dukani kifua mbele, ndoo huku na huku.

Alipaka mwenyewe, kuta zote. Mkewe alikuwa akipita, anaangalia, anaendelea na safari yake.

"Mbona husemi kitu?"

"Nasubiri ikauke."

Ikakauka. Sebule ikawa kama ndani ya kabati lililofungwa, na taa ikabidi ziwashwe mchana. Uzi alisimama katikati, mikono kiunoni. "Tazama! Huwezi kujua rangi inaishia wapi na mbao zinaanzia wapi!"

"Kweli siwezi," alisema mkewe, akijisugua bega. "Nimetoka kugonga fremu sasa hivi."

Mwisho wa wiki baba mkwe akaja kuona nyumba. Uzi alimpa shikamoo, akampokea kofia, akamwingiza sebuleni kwa madaha. Mzee akageuka huku, akageuka kule.

"Mkwe wangu, mbao mmeziuza?"

Uzi akacheka, akidhani ni utani. Mzee hakucheka.

"Zipo, baba. Zote zipo."

"Ziko wapi?"

"Si hizi hapa?" Uzi alinyoosha mkono kwenye mlango wa chumbani, akashika ukuta. Akasogea kidogo, akashika ukuta tena. Ndani ya nyumba yake, mbele ya baba mkwe wake, mtu mzima na ndevu zake alikuwa anatafuta mlango kwa kupapasa. Mwishowe kidole kilipata kitasa.

Mzee akaja, akaweka kiganja kwenye fremu. "Nilichagua ubao wenye mistari," alisema kwa sauti ya chini. "Nikaupanga uelekee dirishani, jua likiingia mistari ionekane."

Uzi alitamani ardhi ipasuke immeze. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa kwa kuficha, na sasa alikuwa ameificha zawadi ya mzee wa watu kama anayeficha tundu la suruali.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nimeitia kazi yako kiraka."

Midomo ya mzee ikacheza kidogo, kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akashika ukuta. Huko jikoni mke wa Uzi alikuwa ameshakaa chini, hoi, machozi yanamtoka.

Kesho yake Uzi alileta gunia la vipande vya vitambaa kutoka kwenye karakana yake, na yeye, mkewe na mzee wakaanza kuvishikiza kandokando ya mlango, kimoja kimoja, mapazia yakiwa wazi. Weupe mtupu ulifanya sebule iwe wodi. Njano iliufanya ubao uonekane umeungua. Waridi la magauni ya harusi, mzee alilikataa kwa mkono tu. Ndipo mkewe akachomoa bitana ya koti, kijani kilichopauka kama jani lililokauka kivulini, akaiweka ukutani. Wekundu wa mbao ulijitokeza wenyewe.

"Hii rangi nani aliitaja mwanzo?" mkewe akauliza.

"Usinitese," alisema Uzi.

Dukani, yule mama alipomwona tu aliinama chini ya kaunta, akaibuka na ndoo ya rangi nyeupe ya kutanguliza. "Anza na hii, ifunike kwanza yale mambo yako," alisema. "Ile ya kahawia ilikukaa vizuri?"

"Ilinikaa mpaka ikanibana, mama."

Safari hii walipaka wote watatu, na mzee alifuata nyuma na kitambaa, akifuta kila tone lililoangukia mbao zake. Walipomaliza, mistari ya ubao ilionekana tangu mlangoni. Pia ulionekana, kwenye pembe ya dirisha kubwa, mwanya ambao mbao mbili hazikukutana, mpana wa kuingiza ukucha. Wote waliuona.

Mzee alikohoa. "Ile kahawia," alisema, "nayo ilikuwa na faida zake."

Alirudi na patasi na kijiti chembamba cha mbao, akauziba huku Uzi akimshikia ngazi, akikatazwa kutoa maoni. Kwenye karakana, Uzi aliamua kuisimulia habari hiyo mwenyewe kabla mkewe hajaisimulia, na kila siku aliongeza chumvi kidogo: mara alipotea chumbani kwake, mara alibisha hodi kwenye ukuta. Wateja waliangua vicheko, na wengine walileta vifungo vya kushonewa ambavyo hata havikuwa vimelegea.