Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Hakuna kitu chenye waya kilichowahi kumshinda Rehani. Ndivyo alivyowatangazia wanawake waliokaa barazani kwa Mama Mashavu, pale Korogwe, akizungusha bisibisi kama kinyozi mwenye wembe mpya. Mtihani wa kidato cha nne alikwishafanya, matokeo bado, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumbishia.

Kilichozimika ni transfoma, kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachoushusha umeme ili redio isiungue. Mwaka ule wa sabini na nne mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa hayaonekani madukani, na wanawake kumi na wawili walikuwa wakifuata masomo ya watu wazima kwa redio hiyo, aliyoiacha marehemu mume wa Mama Mashavu.

"Ukiniulia hii, mwanangu," Mama Mashavu alimwambia, "sina pa kupata nyingine."

Rehani akafungua. Ndani akakuta fyuzi ya kioo, fupi kuliko kijiti cha kiberiti, uzi wake umekatika. Alizunguka maduka yote, hakuna. Basi akafanya kama mafundi wa vichochoroni: akakivika kioo karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akarudishia, akafunga. Redio ikaimba. Akasema ametia fyuzi mpya, akiba yake ya shuleni. Wakamwita Injinia na kumpa sahani ya makande.

Asubuhi akapita kwa Mhina, fundi umeme wa shamba la katani, kumtambia ujanja wake. Mhina hakucheka. Alimuuliza tu kwanza fyuzi ilikatika kwa nini. Rehani, aliyepata kulijibu swali kama hilo mtihanini kwa mistari minne, akaeleza tena alivyoivika karatasi.

"Fyuzi kazi yake kukatika," Mhina alisema. "Karatasi yako haitakatika. Itaungua transfoma, na redio nyuma yake."

Akampa fyuzi moja, akamwagiza aukague waya.

Njia nzima Rehani hakumtania mtu. Mistari ile minne aliikumbuka vizuri, hata alama alizotarajia. Ilikuwaje mkono ukafanya kana kwamba haujasoma?

Kwa Mama Mashavu alipiga hodi, kimya. Mlango umerudishwa tu. Transfoma ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Akaichomoa, akaivua karatasi, akaweka fyuzi. Kwenye waya akakuta nyuzi mbili zimechubuka, zikigusana kila waya ulipotikisika. Akazitenganisha, akazifunga utepe. Redio ilikuwa nzima. Akaikunjakunja ile karatasi iliyobabuka, akaitia mfukoni. Angeondoka, angebaki Injinia.

"Jana si ulisema fyuzi mpya?"

Alikuwa Nailantei, muuza maziwa, mmoja wa wale wanafunzi kumi na wawili, amesimama mlangoni na kibuyu chake. Rehani alisema anafuta vumbi tu. Nailantei aliutazama mfuko wa suruali yake, kisha akakaa kizingitini, akanyoosha miguu.

"Mama yuko nyuma yangu, anatoka shamba," alisema. "Mweleze mwenyewe. Mimi sina haraka."