Pumzi za Wílmer

Yamileth alikuwa akichovya mkate kwenye kahawa na kujaza rejesta ya majeruhi katika kompyuta ya hospitali, katika mji wa bandari wa Buenaventura, Mama Eufemia alipoingia kumwambia kwamba mwanawe yeye, Wílmer, amekufa lakini bado anapumua.

"Tangu lini?" aliuliza Yamileth.

"Tangu juzi. Tumeshamvisha, mishumaa tumewasha. Waimbaji wa msiba wamegoma, eti maiti anayepumua haimbiwi, si adabu. Wako uani wanacheza domino na kunimalizia kahawa."

Yamileth alimtafuta Wílmer kwenye rejesta. Pikipiki, kifua, amefariki. Upumuaji: kawaida.

Neno hilo aliliandika yeye. Karatasi ya mapokezi ilikuja na nafasi tupu, kwa sababu Wílmer alikaa kwenye benchi mpaka akakata roho na hakuna aliyemhesabia pumzi. Na pale ofisini kila nafasi tupu iliandikwa "kawaida", wizara isije ikauliza maswali. Aliona haya, akausukuma mkate kando.

"Lifute, mwanangu, nimzike," alisema Mama Eufemia, aliyekuwa akisoma skrini begani kwake.

Akalifuta. Mama Eufemia alipokaribia kwake alisikia nyimbo zimeshaanza, na jioni hiyo Wílmer akazikwa.

Kesho yake Daktari Arango, mkuu wa kitengo, aliinama juu ya kompyuta.

"Nani kaacha pengo hapa?"

"Huyu hakupimwa, daktari."

"Kwani hao wengine walipimwa? Tukisema ukweli kwa huyu mmoja, tutaishia wapi? Jaza, Yamileth."

Yamileth alijua fika litakalotokea makaburini. Akajaza. Hakusita hata kidogo, na hilo lilimuuma wiki nzima.

Jumapili alinunua maua akaenda. Udongo juu ya Wílmer ulikuwa ukipanda na kushuka polepole, na Mama Eufemia ameketi kando kwenye kigoda, akirudisha mahali pake mishumaa iliyokuwa ikianguka.

"Kaanza tena," alisema mama, akimsogezea nafasi.

"Ni mimi, mama. Nimelirudisha."

"Najua. Nani mwingine anaandika kule?" Akasimamisha mshumaa mmoja. "Una saa mkononi. Basi mhesabie."

Yamileth akaweka kiganja juu ya udongo, akaikazia macho saa yake, akahesabu dakika nzima bila kuruka pumzi hata moja, kama alivyostahili kuhesabiwa pale kwenye benchi.

"Vipi?" aliuliza Mama Eufemia.

"Kawaida," alisema Yamileth.