Mikwaruzo Mitatu kwenye Mkasi

Simu ilipoita, Miwani alikuwa ameushika mkasi mkononi, ungali na joto la gurudumu la kung'arishia.

"Mwanangu, nilisahau kukwambia," alisema mshonaji aliyeuleta asubuhi ili uandikwe maneno *Mkasi wa Mama*. "Kwenye bapa lake kuna mikwaruzo mitatu. Marehemu mama aliichora kwa ncha ya tupa. Ndiyo ilikuwa futi yake ya mapindo, na mimi napimia hiyo hiyo. Usiiguse, tafadhali."

Miwani aliugeuza mkasi. Bapa liling'aa kama maji kwenye beseni, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Ipo, mama," alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Alipokata simu, masikio yake yaliwaka moto.

Mjomba wake, mwenye karakana, aliinua kichwa kutoka kwenye waya aliokuwa akiufunga. Ndiye aliyempa binti huyo jina la Miwani, kwa kuwa miwani yake ya kazi haikubanduka kwenye paji la uso hata akienda kununua vocha. Ndiye pia aliyemfundisha kung'arisha kila chuma kabla ya kukiandika. Chuma kichafu kinaandika uchafu, alizoea kusema, na alisema kweli: penye mafuta au kutu, joto la leza, mwali wa mashine ya kuandikia, halishiki sawasawa, na herufi hutoka na mabaka. Kwa hiyo Miwani hakukosea kazi. Alikosea kwenye simu.

"Picha si ulipiga?" mjomba aliuliza baada ya kusikia yote.

"Nilipiga, ili nipange maneno."

"Sasa unalilia nini? Una mashine ya kuandika juu ya unywele, inakushinda mikwaruzo mitatu? Irudishe. Hatajua."

Miwani aliweka kipande cha chuma cha majaribio chini ya mashine, akashusha miwani. Ndani ya mashine vioo viwili vidogo hutikisika na kuupeleka mwali huku na huku, kisha lenzi huukusanya uwe nukta nyembamba kuliko ncha ya sindano. Kwa nguvu ndogo, chuma hubadilika rangi juu juu tu na kuwa cheusi. Nguvu ikizidi, chuma hugeuka mvuke na kuacha mfereji. Alichagua mfereji. Mashine ikavuma, harufu ya chuma kilichoungua ikapanda, na mikwaruzo ikatokea mmoja mmoja kama ilivyokuwa pichani.

Alipitisha ukucha. Ukanasa. Hata kijimkia cha mkwaruzo wa pili, pale tupa ilipomponyoka marehemu, kilikuwapo. Labda siku ile mtoto alimwita, akageuka. Labda mtoto huyo ndiye aliyepiga simu leo. Na mashine ilikuwa imeiga kuteleza kule pale pale, bila yenyewe kuteleza.

Miwani alikiweka kando kile kipande. Kwenye mkasi aliandika maneno aliyoagizwa, basi.

"Unajipalia makaa," mjomba alisema. "Mimi simo."

Mshonaji alikuja jioni, uzi ukining'inia kwenye mkono wa gauni lake. Alinyoosha mkono aupokee mkasi.

"Kabla hujaushika, mama," Miwani alisema. "Nilikudanganya. Ulipopiga simu nilikuwa nimeshaifuta mikwaruzo."

Alimwonyesha kile kipande. "Naweza kuirudisha hivi, kutoka kwenye picha. Ungeamini ni yenyewe. Ndiyo maana sikuirudisha."

Mshonaji alikaa kwenye kiti cha wateja. Alipapasa bapa kwa kidole gumba, akarudia, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Kufuta hukujua," alisema hatimaye. "Hilo ningelimeza. Lakini *ipo, mama*? Nimeshona mchana kutwa nimetulia, kwa ajili ya hiyo *ipo, mama*."

"Dada, mtoto huyu kwa kweli..." mjomba alianza.

"Kaka, niache kidogo."

Mjomba alirudi kwenye waya wake.

"Mama alipima kwa pingili ya kidole gumba," mshonaji alisema. Alilaza kidole chake juu ya bapa, akakitazama kwa muda. "Leteni tupa."

Mjomba, ambaye hakuwamo, aliileta mbio.

"Na wewe shika hapa. Usitikise."

Miwani alishika mkasi kwa mikono miwili huku tupa ikikwaruza, sauti kavu iliyompanda hadi kwenye meno. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ulikwenda mshazari kidogo.

"Kidole changu kirefu kuliko chake," mshonaji alisema.

"Basi mapindo yatakuwa mapana," mjomba alijibu kutoka kule kwenye waya.

"Ni sare za shule. Watoto wanakua."

Aliuviringisha mkasi kwenye kitambaa, akasimama.

"Umenisamehe, mama?" Miwani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nusu," alisema mshonaji. "Nusu nyingine, ngoja nione sketi ya kwanza itatokaje."