Neno la Kukatia Filamu

Usiku wa jana niliota nimechaguliwa kuigiza filamu fupi ya mashindano, ile inayotakiwa itungwe, ipigwe na ifikishwe tamashani ndani ya saa arobaini na nane. Mimi huyu, niliyeishia darasa la saba na runinga natazama kwa jirani.

Saa zenyewe zilikuwa zimekaa kwenye mkeka barazani kwangu. Iliyomaliza zamu ilivaa viatu, ikaaga, ikaenda zake. Nilipotoka imebaki moja tu, na kiatu kimoja imeshavaa.

Mwongozaji alikuwa pasi ya mkaa. Moshi unamtoka, subira hana.

"Bi Mize, wewe ni mke. Mumeo anakupa radhi, basi, filamu imekwisha. Leteni kibao cha kuanzishia picha!"

Wakaleta kibao cha mbuzi.

"Hicho si cha kukunia nazi?"

"Kibao ni kibao," mbuzi akajibu. "Umeita, nimekuja na meno yangu."

"Haya, piga kibao!"

Mbuzi akanipiga kibao cha shavu. Nikasema alhamdulillahi, maana hakutumia meno.

Kugeuka, jiko langu limekuwa wodi ya wanaume. Kitandani amelala Baba Raya, mume wangu, aliyezikwa mwaka wa tatu huu.

Niseme lililonikaa moyoni. Siku aliyofariki nilitoka kidogo kwenda kusali Alasiri. Kurudi, ameshakata roho. Sikuwahi kumwomba radhi, wala hakuwahi kunipa. Na miaka arobaini ya ndoa, mtu hakosi kumkosea mwenzake.

"Mama Raya," anasema, "umekuja?"

"Nimekuja, Baba Raya. Niridhie."

"Mimi nime..."

"Kata!" pasi anapiga kelele. "Kivuli kimeingia!"

Baba Raya akakata. Roho. Macho yakajifumba, mkono ukaanguka.

Mbuzi akanipiga kibao cha pili, Baba Raya akafumbua macho.

"Mama Raya, umekuja?"

"Nimekuja. Fanya haraka, baba, niridhie."

"Una haraka ya wapi wewe? Mimi nime..."

"Kata! Kuku kapita!"

Akakata tena.

Nikamwendea pasi kwa adabu. "Bwana mkubwa, neno hilo halibadiliki? Sema 'basi', sema 'inatosha'."

"Filamu hukatwa. Ndiyo kanuni."

"Hapa anakatika mtu."

"Atarudi mbuzi akipiga. Ila saa ile ikivaa kiatu cha pili, harudi tena."

Natazama. Saa inatafuta kiatu chini ya kitanda.

Nikamwangalia pasi vizuri. Miaka yote ile nimenyoosha kanzu za Ijumaa, najua kuwa pasi ya mkaa husema kwa nguvu za mkaa. Pembeni lipo kopo langu la udhu. Nikasema bismillahi, nikamfungua pasi kifuniko, nikammwagia maji.

"Kaaaa..." akasema pasi. 'Ta' iliyobaki ikatoka mvuke.

Mbuzi akanipiga kibao cha tatu, Baba Raya akafumbua macho.

"Mimi nimekuridhia, Mama Raya," akasema Baba Raya, taratibu, neno zima. "Tangu siku ya harusi mpaka ile Alasiri. Kwani ulikwenda wapi? Nimeondoka nawe umesujudu unaniombea. Nani kaagwa vizuri kama mimi?"

Nikalia. Saa nayo, kiatu mkononi, ikalia. "Ridhianeni tu," ikasema, "kiatu chenyewe kinanibana."

"Ahsante, bibi," akasema pasi, baridi kabisa. "Tangu nizaliwe sijapata kupoa."

Baba Raya akamega mkate wa kumimina, akanitia mdomoni kwa mkono wake. "Kula. Umekonda, watasema nilikuacha na njaa."

Natafuna. Mtamu, laini, unanukia iliki. Ikaja adhana ya Alfajiri.

Nikaamka, nikaenda kutia udhu. Niliposukutua, kikatoka menoni kipande cha ganda la iliki. Kwangu iliki imekwisha tangu Idi, na jana nimelalia muhogo na chai kavu.

Nikakitema upesi, nisije nikakimeza. Leo nimefunga sunna, na sasa najua funga hii ni ya kushukuria nini.