Vitambaa Vilivyorudishwa

Aliingia mikono mitupu. Miezi yote niliyomshauri, fundi cherehani huyu hakuwahi kuketi kwenye chumba changu cha ushauri nasaha bila mfuko wa vitambaa vya watu miguuni pake, na kila mteja aliyempigia simu alipewa jibu moja: njoo kesho. Siku hiyo mfuko haukuwapo, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Nimewarudishia wote vitambaa vyao," aliniambia. "Hata bibi harusi. Sina lawama ya mtu."

Nilifurahi. Nikamtania kwamba fundi asiye na kiporo cha nguo za watu anafaa kuwekwa kwenye makumbusho. Alicheka, kisha akaniomba nimkumbushe yale masharti ya siku ya kwanza. Nikamkumbusha: ayasemayo humu hayatoki nje, isipokuwa maisha yakiwa hatarini, yake au ya mwingine.

"Na mtu asiposema kitu?"

"Basi hakuna cha kutoka."

"Vizuri," alisema, akageukia dirisha.

Hapo moyo ukanipiga paa. Fundi harudishi kitambaa ambacho hajakikata, ila akijua hatakuwapo kukishona. Nikiwa nimekosea, nitakuwa nimeivunja imani yake kwa dhana tu, na hatakanyaga tena hapa. Nikiwa sijakosea na nikanyamaza... Sikuthubutu kulimaliza wazo hilo.

"Mdogo wangu, unataka kujiua?"

Alianza kuisugua sugu ya mkasi kwenye kidole gumba, na machozi yakamtoka bila sauti.

Nilimwambia nampigia kaka yake, hapa hapa, mbele yake. Aliniomba nisifanye hivyo. Kaka ana presha, alisema, na mimi nilimwahidi siri. Niliogopa kama mwizi, lakini nilipiga. Kaka alisema anakuja.

"Nilikuamini, dada."

"Najua."

Tulimngoja kaka. Nikainua pindo la gauni langu lililofumuka tangu asubuhi, nikamuuliza nani atanishonea. Alilitazama pindo kwa muda mrefu, mimi hakunitazama.

"Njoo kesho," alisema.

Maishani mwangu sijawahi kumwamini fundi cherehani kwa neno hilo. Safari hii nililipokea kwa mikono miwili, huku viatu vya kaka yake vikianza kusikika kwenye ngazi.