Chembe ya Matawi Kumi na Mawili

Miaka sita mimi na mdogo wangu Lyle hatukusemezana, ingawa nyumba zetu zinatazamana na barabara iliyo katikati ni nyembamba, malori mawili hayapishani. Chanzo ni yeye. Siku ya karamu ya maharage kanisani nilitundika picha zangu za chembe za theluji, arobaini, kila moja nimeipiga kwa karibu mpaka vishipa vyake unaviona. Lyle akazipitia huku anatafuna, akasema mbele ya waumini wote, "Ukishaona moja, umeziona zote." Watu wakacheka. Hata mchungaji alicheka, mnafiki yule.

Tangu hapo nikawa nasaka kitu kimoja: chembe ya matawi kumi na mawili. Za kawaida zina sita. Niliapa nikiipata picha yake nitaigongelea mlangoni pa Lyle, kwa msumari mrefu.

Januari hii nikateleza kwenye barafu, mkono wa kulia ukavunjika. Kesho yake theluji ikaanza kuanguka, laini, bila upepo, na mimi nimekaa jikoni, mkono kwenye plasta ngumu, nasonya. Mke wangu Verna akanichoka. Akavuka barabara bila kuniuliza.

"Shemeji yuko bandani kwetu," akasema aliporudi. "Atabonyeza kamera. Wewe utatafuta chembe kwa huo mkono uliobaki."

"Yule? Afadhali ungeniletea ng'ombe."

"Ng'ombe hana kidole. Nenda, mzee, kabla sijakuvunja na wa pili."

Nikaenda. Kumbe kazi hii inawafaa sana watu walionuniana. Banda halina moto, maana chembe haitaki joto, na ukiikaribia unabana pumzi. Ukihema tu, imekuwa maji. Nilikinga theluji mlangoni kwa ubao wenye kitambaa cheusi, nikachagua kwa unyoya wa kuku, nikasogeza chini ya lenzi, nikaguna. Lyle akabonyeza. Saa nzima tulifanya hivyo, mashavu yametuna, wala hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Kisha ikaanguka. Nilihesabu mara mbili. Kumi na mawili, yote mazima. Nikaisogeza chini ya lenzi polepole, nikaguna. Lyle akainama, akafumba jicho moja, akatulia mno. Nikasubiri mlio wa kamera.

Badala yake akaiacha kamera, akauinamia ubao aione kwa macho yake mwenyewe.

"Mungu wangu, kaka," akasema, kwa pumzi yote ya kifua chake, "hii haifanani na yoyote! Nilikosea."

Kwenye kitambaa likabaki tone.

"Umepiga?" nikauliza.

"Nini?"

"Picha, Lyle! Umepiga picha?"

Akatazama kamera, akatazama tone. "Nilikuwa naomba msamaha."

"Usingeweza kuomba baada ya kubonyeza? Miaka sita umekaa na neno hilo mdomoni, sekunde moja zaidi ingekuua? Pumbavu!"

"Usinitukane! Wewe unaguna tu kama nguruwe, ningejuaje?"

Nilitaka kumpiga kwa plasta. Nilitaka pia kulia, na si kwa ajili ya chembe. Nilikuwa nimemkumbuka sana huyu mjinga. Verna akafungua dirisha la jikoni.

"Mnagombana?"

"Ndiyo!" tukajibu kwa pamoja.

"Haya. Nipakue chakula cha wawili?"

Lyle akaniangalia. Nikalipangusa lile tone kwa mkono wa koti.

"Pakua," nikamwambia Verna. "Ila akifungua mdomo tena leo, iwe ni kula tu."